Barabara za Chuoni: Namna ya Kupita Pamoja Bila Kugongana

Dakika chache kati ya kipindi na kipindi ndizo zenye hatari zaidi chuoni. Madarasa yanafunguliwa kwa pamoja, na barabara ileile nyembamba inabeba anayetembea kilomita 5 kwa saa, baiskeli inayokwenda 15, skuta ya umeme inayofika 20 au zaidi, na gari la mtu aliyechelewa.

Dereva aanze na mwendo. Kwa kilomita 30 kwa saa, gari hukata zaidi ya mita 8 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka hadi mguu ufike kwenye breki, kisha mita 5 hivi za kusimama kwenye lami kavu: jumla mita 13. Kwa kilomita 50, jumla inakaribia 28. Mtu akichomoka mita 15 mbele yako kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa, mwendo wa kwanza unamponya. Wa pili haumponyi.

Kisha kuna kukunja kona, na hapa ndipo waendesha baiskeli huumia vibaya. Dereva anaipita baiskeli, halafu papo hapo anaikatia mbele kuingia maegesho. Kama kona yako iko karibu, baki nyuma ya baiskeli hadi ipite. Utapoteza sekunde chache tu. Washa indiketa kabla ya kupunguza mwendo, tazama kioo cha pembeni, halafu geuza shingo, kwa sababu kioo hakionyeshi kila kitu. Basi na lori ni balaa zaidi: magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele, na aliye ubavuni haonekani. Wa baiskeli asijipenyeze pale hata nafasi ikiwa pana, maana gari likianza kukunja nafasi hiyo hujifunga. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, chukulia kwamba naye hakuoni.

Magari yaliyoegeshwa yapite ukiacha angalau mita 1. Mlango hufunguka bila onyo. Aliye ndani ya gari afungue kwa mkono ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na macho yatatazama nyuma.

Skuta ina magurudumu madogo, na hiyo ndiyo shida yake kuu. Shimo ambalo baiskeli hulivuka kwa mtikisiko tu huweza kulinasa gurudumu la skuta na kumrusha mpandaji juu ya usukani. Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamelegea, na unapofunga breki rudisha uzito nyuma. Panda peke yako. Mvua ikinyesha, michoro ya rangi barabarani na vifuniko vya chuma huteleza: vivuke ukiwa umenyooka, bila kulala wala kufunga breki juu yake.

Breki za baiskeli zipime kabla ya kuondoka. Mkono wa breki ukigusa usukani, ama waya umelegea ama raba zimeisha. Usiku weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Viakisi pekee havitoshi, kwani havionekani mpaka vimulikwe.

Ukitaka kumpita mtembea kwa miguu, piga kengele ukiwa bado mbali kidogo. Ukiipiga mgongoni mwake atashtuka na kuruka upande wowote, pengine upande wako. Kengele haikupi haki ya kupita: mwenye visikilizio masikioni hajasikia kitu, kwa hiyo punguza kasi hadi mwendo wa kutembea.

Wanaotembea nao: pasipo na njia ya miguu, tembea ukitazamana na magari yanayokuja. Usivuke ukitokea mbele ya basi lililosimama, subiri liondoke.

Baiskeli na skuta zisiegeshwe kwenye mteremko wa kiti cha magurudumu, wala juu ya vigae vyenye vinundu vinavyomwongoza asiyeona.