Kukuza ramani bila mruko: kutoka Unguja nzima hadi Mji Mkongwe

Mwongozo huu unamhusu mtayarishaji wa programu ambaye ramani yake, inapokuzwa, huanza kwa kujikokota na kumalizia kwa kurukia usoni mwa mtazamaji. Mfano wangu ni ramani ya Unguja: mwanzo skrini inaonyesha upana wa kilomita 96, kisiwa kizima kikiwa ndani yake, na baada ya sekunde 3 inabakisha kilomita 1.5 tu, yaani Mji Mkongwe na Forodhani yake.

Kwanza tuone kosa liko wapi. Wengi wetu huupunguza upana kwa kiasi kile kile katika kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini, na kwa fremu 60 kwa sekunde kiasi hicho ni kilomita 0.525. Katika fremu ya kwanza hiyo ni kama asilimia 0.55 ya kinachoonekana, na hakuna atakayeihisi. Lakini katika fremu ya mwisho, upana unaposhuka kutoka 2.025 hadi 1.5, zaidi ya robo ya picha hutoweka kwa mara moja. Ni kama nahodha anayeingia bandari ya Malindi, hapo hapo Unguja, kwa mwendo ule ule aliokuwa nao katikati ya mkondo: akiwa mbali mji hauonekani kusogea, akikaribia gati unamvamia. Jicho halihesabu kilomita zilizopungua, bali linalinganisha picha ya sasa na ile iliyotangulia.

Kwa hiyo, badala ya kutoa, tunazidisha:

upana = mwanzo * (mwisho / mwanzo) ** t

Alama mbili za nyota zinamaanisha kipeo, mwanzo na mwisho ni upana wa kuanzia na wa kumalizia, na t ni sehemu ya muda uliokwisha pita, kuanzia 0 hadi 1. Kwa njia ya zamani, upana katika kila sekunde ulikuwa 96, 64.5, 33, kisha 1.5, kwa njia hii unakuwa 96, 24, 6, kisha 1.5, kila sekunde ikibakisha robo ya iliyotangulia. Mwanzo na mwisho lazima viwe vikubwa kuliko sifuri, vyenginevyo hesabu haina maana.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonisumbua zaidi, nayo ni kitovu cha picha. Tuseme kitovu cha kuanzia kiko kilomita 15 mashariki ya mji. Ukikisogeza kwa kasi isiyobadilika, nusu ya muda itakapofika kitakuwa bado kilomita 7.5 kutoka mjini, ilhali skrini sasa ina upana wa kilomita 12, maana yake kila upande una 6 tu. Mji umetoka nje ya picha, kisha utarudi mbio. Mteja mmoja aliniambia kuwa ramani yangu inamtia kizunguzungu, nami nikapoteza siku mbili nikiikagua fomula ya upana, ambayo haikuwa na kosa lolote. Dawa ni kukifungamanisha kitovu na upana wenyewe, si na muda:

sehemu = (mwanzo - upana) / (mwanzo - mwisho)
kitovu = kitovu_cha_kwanza + (kitovu_cha_mwisho - kitovu_cha_kwanza) * sehemu

Sasa katika nusu ya muda sehemu ni takriban 0.89, kitovu kiko kilomita 1.7 tu kutoka mjini, na nukta moja ya ramani husimama mahali pake kwenye skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa mwanzo na mwisho ni sawa, mgawanyo utakuwa kwa sifuri, basi hapo tumia t badala ya sehemu.

Ukitaka mwendo uanze na kutua taratibu, badilisha t kabla ya kuiingiza kwenye kipeo:

t = t * t * (3 - 2 * t)

Usiufanyie upana marekebisho hayo baada ya hesabu, kwani utaharibu uwiano tulioutafuta. Thamani ya t nayo itokane na saa ya kifaa, si idadi ya fremu, maana simu kongwe huruka fremu nyingi, na t ikizidi 1 irudishe kwenye 1 ili ramani itue pale pale ulipokusudia.