Kwenda Mafia kwa ndege: anza na kiti kidogo

Safari ya kisiwa cha Mafia hupangwa kinyumenyume. Kabla ya kununua tiketi ya kukufikisha Dar es Salaam, shika kwanza nafasi kwenye ndege ndogo inayotua Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Cessna Caravan, inayotumika sana njia hii, hubeba abiria 12 hivi tu. Anayefuata papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, aende kati ya Oktoba na Februari, na wiki ya Krismasi aiwahi mapema. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi hufungwa.

Kinachowakwaza wengi ni mzigo. Kikomo cha kawaida ni kilo 15, mara nyingi begi la mkononi likiwemo. Hata uzito ukiwa sawa, umbo linaweza kukuponza: mizigo huingizwa kwenye kisanduku kilicho chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu la magurudumu halipenyi. Chukua begi laini la kitambaa. Kilo za ziada hulipiwa, lakini ndege ikijaa pesa yako haisaidii. Begi litasubiri safari nyingine. Pawabenki ikae nawe ndani.

Halafu saa. Tiketi ikisema 14:30, ni saa nane na nusu mchana, si vinginevyo (wapo wanaochelewa kwa hili). Ukitoka nje ya nchi utashuka Jengo la 3 la uwanja wa Julius Nyerere, upite uhamiaji, uchukue mzigo, kisha upande gari hadi jengo la safari za ndani. Acha nafasi ya saa nne. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ndege ndogo haikungojei na nauli imepotea. Ukitua alasiri, lala Dar; ndege hizi husafiri mchana.

Wanaotoka Kenya, Uganda au Kongo wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Fedha taslimu toa Dar, na ujiandae kwa ada ya Hifadhi ya Bahari, inayotozwa njiani kwenda Utende, kijiji chenye hoteli za wazamiaji.

Mzamiaji aliyezamia mara kadhaa asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, la sivyo naitrojeni iliyobaki mwilini huweza kufanya mapovu. Ndege ikiondoka saa tatu asubuhi, awe ametoka majini kabla ya saa tisa alasiri ya jana yake.