Bonge likinenepa usishangilie: kupata dawa kwenye tishu kalcha ya mrehani

Wengi wakianza tishu kalcha (kukuza vipande vya mmea kwenye chupa safi) ya mimea ya dawa wanafurahi kuona bonge la seli limenona kwenye chupa, wanajua dawa imo, kumbe mara nyingi hamna kitu, seli ikikazana kugawanyika tu haishughuliki na dawa. Ndo maana unahitaji midia (chakula cha seli) mbili, ya kukuzia na ya kutolea dawa.

Anza na mrehani, unatafuta asidi ya rozmariniki, ndo dawa yenyewe, hii hata seli za bonge zinaitengeneza. Artemisinini (dawa ya malaria) ya pakanga achana nayo kwanza, mmea huiweka kwenye vinyweleo vya majani na bonge halina vinyweleo, utahangaika bure.

Chukua majani machanga, osha kwa maji ya bomba na sabuni, chovya kwenye ethanoli 70% sekunde 30, halafu haipokloriti ya sodiamu 1% dakika 10, suuza mara tatu kwa maji yaliyopita otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu). Ukizidisha muda jani linageuka jeupe limekufa, ukipunguza fangasi wanakula kila kitu, hapa jaribu muda tofauti tofauti bila uvivu.

Midia ya kukuzia ni MS (ile ya Murashige na Skoog, 1962), sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kugandishia gramu 8, pH 5.8, otoklevu nyuzi 121 dakika 20. Homoni weka 2,4-D miligramu 1 kwa lita na kinetini kidogo. Kata vipande, panga, weka gizani nyuzi 25, baada ya wiki 3 au 4 bonge litakuwepo. Chagua lile laini linalomeguka lenyewe, ligumu halifai kwa hatua inayofuata.

Megua gramu 2 hivi utie kwenye mililita 50 za midia ileile ila bila agari, weka kwenye sheka (mashine ya kutikisa chupa) izunguke mara 110 kwa dakika.

Seli zikishazaliana vizuri hamishia kwenye midia ya pili, hapa 2,4-D unaitoa kabisa maana mara nyingi ndo inayozuia dawa, sukari unapandisha hadi gramu 50. Baada ya siku chache tia methili jasmoneti (kemikali ambayo mmea hutumia kama ishara ya hatari) kama maikromoli 100 kwa lita, seli zinadhani zimeshambuliwa, zinaanza kujihami. Chupa moja itie ethanoli tupu, ileile uliyoyeyushia methili jasmoneti, la sivyo hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Kampuni ya Mitsui kule Japani walitoa shikonini (rangi nyekundu ya mmea, nayo ni dawa) kwa hatua mbili namna hii miaka ya 1980, kwenye matangi makubwa.

Kuvuna ni kuchuja, kukausha, kusaga, kuloweka kwenye methanoli na kupima. Pima na uzito mkavu pia, asilimia kubwa kwenye seli kiduchu ni hasara. Na usionje! 2,4-D ni dawa ya kuua magugu.

Chupa moja ibaki kwenye midia ya kukuzia muda wote, uihamishe kila wiki 2, hiyo ndo mbegu yako.