Kuanza kukusanya stempu za bata za Marekani bila kuziharibu

Shemeji yangu amerithi bahasha ya leseni za uwindaji za Marekani, kila moja ikiwa na stempu ya bata. Tulikaa nazo Jumamosi nzima, na haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Nunua ya mwaka huu kwanza

Stempu hii haitumi barua. Ni kibali cha lazima kwa mwindaji wa bata wa miaka 16 na zaidi, ila yeyote anaruhusiwa kuinunua. Bei ni dola 25, na katika kila dola senti 98 huenda kulinda ardhi oevu kwa ajili ya hifadhi za taifa za wanyamapori. Ukinunua ya mwaka 1950 kwa muuza stempu, umejipatia stempu nzuri lakini bata hawajapata hata dimbwi. Ndiyo maana nasisitiza mpya kwanza. Chukua ya karatasi posta. Ukinunua ya kielektroniki, karatasi yenyewe hutumwa baada ya tarehe 10 Machi.

Hatua ya 2: Kibano

Chenye ncha bapa. Vidole visiguse stempu kabisa.

Hatua ya 3: Stempu iliyobandikwa kwenye leseni

Stempu za kawaida hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu zikabanduka zenyewe. Hizi usiziloweke!

Mwindaji alitakiwa kusaini kwa wino juu ya stempu, na wino mwingi wa zamani huyeyuka. Niliwahi kuloweka ya mwaka 1959, ile ya King Buck, mbwa mweusi aliyebeba bata mdomoni. Nilipoiinua, saini ilikuwa doa la buluu kifuani mwa mbwa. Nikairudisha majini nikidhani doa litatoka. Likasambaa hadi kwenye meno ya ukingo wa stempu, na karatasi ikaanza kuchubuka. Jioni yote ilipotea, na stempu pia.

Kuna jingine. Matoleo mengi yana maandishi mgongoni yaliyochapwa juu ya gundi. Gundi ikiyeyuka, nayo yameondoka.

Kwa hiyo iache pale pale. Leseni inaonyesha stempu ilitumika wapi na mwaka gani, na wakusanyaji wengi huipenda ikiwa hivyo, nikiwemo mimi. Ikiwa leseni imeoza, kata karatasi kuizunguka stempu, acha ukingo wa upana wa kidole, na uishie hapo. Ukishawishika kuloweka, gusa kwanza mwisho wa saini kwa pamba yenye unyevu kidogo, kisha kandamiza tishu nyeupe. Tishu ikipata rangi yoyote, weka bakuli mbali.

Hatua ya 4: Vifuko

Tumia vya poliesta. Plastiki laini ya PVC hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na rangi. Albamu zenye kurasa za kunata sizitaki nyumbani kwangu.

Hatua ya 5: Panga kwa miaka

Ya kwanza ni ya 1934, mwaka ambao Rais Roosevelt alisaini sheria ya stempu hizi. Mchora katuni Jay N. Darling alichora bata wawili wakitua, na iliuzwa dola 1. Leo ni ghali, usianze nayo. Anza na mwaka uliozaliwa, usonge mbele.

Kama una mtoto, mnunulie ya vijana, dola 5. Huchorwa na wanafunzi, na fedha zake husaidia elimu ya uhifadhi.