Jinsi ya kujibu "Kwa nini osteopathia?" unapoomba chuo cha udaktari Marekani

Maombi ya vyuo vya osteopathia, tawi la udaktari wa Marekani linaloongeza tiba ya mikono, hufunguliwa mapema mwezi Mei kupitia mfumo wa pamoja wa maombi uitwao AACOMAS, na kuanzia hapo vijana wetu walioko Marekani huanza kunitumia insha niwasomee. Mimi ni daktari DO (Doctor of Osteopathic Medicine, shahada ya vyuo hivyo) wa tiba ya familia, na kazi hii ya kusoma insha naipenda. Karibu wote hueleza vizuri kwa nini wanataka kuwa madaktari: mama aliugua, zahanati ilikuwa mbali, mdogo wao alizaliwa na tatizo la moyo. Ukifika kwenye swali la kwa nini wanataka kuwa DO, kalamu inalegea. Unakuta sentensi mbili za jumla, kisha insha imekwisha. Mwongozo huu ni wa sehemu hiyo tu.

Hatua ya 1: Jua unachokiomba

Nchini Marekani, DO ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anaweza kuwa bingwa wa moyo au wa ubongo. Tangu 2020 mafunzo yote ya ubingwa, ya MD (shahada ya vyuo vingine vya udaktari) na ya DO, yako chini ya chombo kimoja, ACGME. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wako katika vyuo vya osteopathia. Mitihani yao ya leseni inaitwa COMLEX, na wengi hufanya pia USMLE wanayofanya wenzao wa MD. Kinachoongezeka darasani ni takriban saa 200 za kujifunza kuchunguza na kutibu kwa mikono: misuli, viungo, mbavu, uti wa mgongo.

Angalia vizuri tovuti unayosoma ni ya nchi gani. Uingereza, kwa mfano, osteopathi si daktari wa tiba. Ni mtaalamu wa mikono anayesajiliwa na General Osteopathic Council chini ya sheria ya 1993. Nimewahi kusoma insha iliyoeleza kazi ya London kwa chuo cha Ohio, na msomaji wa chuo huona kosa hilo mara moja.

Historia nayo uijue, ingawa hutaisimulia. Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa osteopathia, alikuwa tabibu wa mpakani, Kansas na Missouri. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu, na dawa za wakati ule, nyingi zikiwa na zebaki ndani, hazikuwafaa kitu. Mwaka 1874 alitangaza njia yake mpya, na 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, kilichopokea wanawake tangu darasa la kwanza. Kibali cha chuo kilimruhusu kutoa shahada ya MD, lakini alichagua DO. Kwa miongo mingi baada ya hapo madaktari wake walibaguliwa. Jeshi la Marekani lilianza kuwapokea kama madaktari 1966 tu, na huko California, mwaka 1962, kwa mpango wa chama cha madaktari, shahada zao zilibadilishwa kuwa MD kwa ada ya dola 65 ili taaluma yao iishe katika jimbo hilo. Ukijua haya utaelewa kwa nini wasomaji wa vyuo hivi husikia upesi mtu anayewaona kama chaguo la pili.

Kisha chukua misingi minne ya osteopathia. Mwili, akili na roho ni kitu kimoja. Mwili una uwezo wa kujirekebisha na kujiponya. Umbo la kiungo na kazi yake hutegemeana. Tiba yenye mantiki hujengwa juu ya hayo matatu. Iandike kwenye karatasi, kwa maneno yako. Mbele ya kila msingi andika mtu uliyemwona kwa macho yako ambaye msingi huo ulimhusu. Pale utakapokosa mtu, acha wazi. Msingi usio na mtu mbele yake usiuguse kwenye insha.

Hatua ya 2: Mfuate DO kazini

Hatua hii haina mbadala. Chama cha American Osteopathic Association kina orodha mtandaoni ya kutafutia madaktari. Lakini njia ya haraka kwa wengi wetu ni pale pale unapofanya kazi. Ndugu zetu wengi hapa ni wasaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee, shifti za usiku na za wikiendi. Soma herufi zilizoko kwenye beji ya daktari anayekuja kuwaona wazee. Kuna uwezekano mkubwa umekuwa ukifanya kazi na DO bila kujua. Mwendee kwa adabu, mwambie unaomba chuo, muulize kama unaweza kumfuata siku moja kliniki.

Ukiwa naye, andika vitu vidogo: aliweka mikono wapi, aliuliza nini kabla ya kugusa, mgonjwa alisema nini alipoinuka. Andika pia siku ambayo hakutumia mikono kabisa, kwa sababu madaktari DO wengi hawafanyi tiba ya mikono kila siku, na wengine hawaifanyi kabisa. Muulize kwa nini. Majibu ya swali hilo yatakufundisha zaidi ya kijitabu chochote, na yatakuokoa kwenye usaili.

Omba barua ya mapendekezo mapema. Baadhi ya vyuo hudai barua ya DO, na vingi vinaipenda.

Hatua ya 3: Chagua tukio moja

Insha ya AACOMAS ina herufi 5,300 pamoja na nafasi. Humo hamna mahali pa matukio matano. Chagua moja lenye sifa tatu: ulikuwepo, kuna mwili wa mtu ndani yake, na lilikuachia swali.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo naliona mara nyingi. Bibi aliyekuwa akikanda watu kwa mafuta ya nazi, au mzee wa kijijini aliyeunga mifupa. Ni kumbukumbu nzuri na ya kweli, na sikukatazi kuitumia. Ila usiseme kwamba bibi alikuwa akifanya osteopathia, maana hakuwa. Ieleze ikiwa tu ilikuletea swali ulilolifuata baadaye: kwa nini maumivu ya bega yalipungua alipokanda shingo? Ulikuja kujua lini kwamba neva za bega hutoka shingoni? Ikiwa kumbukumbu inaishia kwenye harufu ya mafuta na upendo wa bibi, iweke kwenye insha nyingine.

Hatua ya 4: Simulia kwanza kwa mdomo, kisha andika

Washa kinasa sauti cha simu, umsimulie dada yako au rafiki yako tukio hilo kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote unayoiwaza. Insha utaiandika kwa Kiingereza, lakini ukianza na Kiingereza moja kwa moja utaishia kuokota misemo ya insha za wengine. Ukisimulia, utataja kiti alichokalia na neno alilosema. Hayo ndiyo ya kuandika.

Sasa tuone mifano. Yote miwili nimeitunga mwenyewe. Wa kwanza unafanana na mingi ninayopokea:

"Nimevutiwa na osteopathia kwa sababu madaktari DO hawatibu ugonjwa peke yake, bali humtazama mgonjwa kwa ukamilifu wake. Naamini katika uhusiano wa mwili, akili na roho. Pia ningependa kujifunza tiba ya mikono ili niwe na nyenzo moja zaidi ya kuwasaidia wagonjwa wangu."

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba mtu yeyote angeweza kuyaandika baada ya dakika kumi mtandaoni. Tena, daktari MD yeyote mzuri atakuambia naye humtazama mgonjwa kwa ukamilifu, na atakuwa anasema kweli. Hapo hujaonyesha kwa nini uende chuo hiki na si kile.

Mfano wa pili:

"Mama mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi alikataa kutembea baada ya kuugua nimonia. Zamu baada ya zamu tuliandika: amekataa. Daktari DO alipokuja, alimwekea mikono pande mbili za mbavu na kumwambia avute pumzi. Upande wa kulia haukufunguka. Alimshughulikia mbavu kwa dakika chache. Kisha akapitia orodha ya dawa na kupunguza ile iliyokuwa ikimpa kizunguzungu. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza anavyolala usiku. Siku mbili baadaye mama yule alitembea hadi dirishani. Sijui ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichomsaidia zaidi. Nataka kusoma mahali ambapo vyote vitatu hufundishwa kama kazi moja."

Tazama kinachotokea. Neno "ukamilifu" halipo, lakini umeliona. Mikono ipo, na dawa ipo vilevile, kwa hiyo mwandishi haonekani kama mtu anayedhani mikono inatosha. Anakiri mpaka wa anachokijua. Na sentensi ya mwisho inajibu swali lenyewe, kwa nini chuo cha namna hii, bila kumtukana mtu mwingine. Jaribu kuibadilisha uweke MD mahali pa DO, na aya itapoteza maana. Jaribio hilo lifanye kwa kila aya yako: ikibaki sawasawa baada ya kubadilisha herufi, bado hujajibu.

Vitambulisho vya mgonjwa viondoe vyote: jina, umri kamili, jina la nyumba. Ni sheria ya Marekani, na ni heshima.

Ukitaka kuzungumzia ushahidi wa kisayansi, uwe mkweli kuhusu ukubwa wake. Kuna utafiti unaofaa kuujua, uliochapishwa 1999 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 178 wa maumivu ya mgongo waligawanywa, wengine wakapata tiba ya kawaida na wengine tiba ya mikono ya osteopathia. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana, ila waliotibiwa kwa mikono walihitaji dawa chache kuliko wenzao. Hayo ni matokeo ya kiasi, na ukiyaeleza kwa kiasi utaaminika. Ukiandika kwamba mikono hutibu kila kitu, umejifunga mwenyewe.

Hatua ya 5: Jibu la chuo ni tofauti na insha kuu

Ukishatuma maombi, vyuo hukuletea maswali yao, na mengi huuliza waziwazi kwa nini osteopathia na kwa nini sisi. Usinakili aya ya insha kuu. Kamati inayo tayari.

Tafuta chuo kilianzishwa kwa ajili ya nani. Touro kiko Harlem, jijini New York, mtaa wa 125, na lengo lake ni kuongeza madaktari kutoka jamii ambazo ni chache katika taaluma. Chuo cha A.T. Still huko Mesa, Arizona, hupeleka wanafunzi wake kwenye vituo vya afya vya jamii mapema sana. Oklahoma State wana tawi Tahlequah, lililofunguliwa 2020 kwa ushirikiano na Taifa la Cherokee. Pikeville iko katikati ya milima ya Kentucky. Zaidi ya nusu ya madaktari DO hufanya huduma za msingi, na vyuo vingi hivi vilijengwa pale ambapo madaktari ni haba.

Hapo ndipo maisha yako yanapoweza kusema. Kama ulikulia Sumbawanga au Lodwar, mahali ambapo mgonjwa wa rufaa husafiri usiku kucha, unajua kitu kuhusu umbali ambacho mwombaji wa mjini hakijui. Kiandike, kisha ukiunganishe na watu wa pale chuo kilipo. Lakini usiahidi kuhudumia kijiji cha Kentucky kama kweli unapanga kurudi Mombasa. Sema mpango wako ulivyo. Na kama huna uraia wala kadi ya kijani, angalia kabla ya kulipa ada kama chuo hicho hupokea wanafunzi wa kimataifa, maana vingi havipokei.

Hatua ya 6: Futa

Futa kila sentensi inayowasema MD vibaya. Futa maelezo ya alama zako za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, kama sababu ya kuchagua DO. Futa tafsiri ya osteopathia, wanaijua. Futa Still, isipokuwa tukio lako limegongana naye kweli. Futa "tangu utotoni".

Hatua ya 7: Peleka mapema, kisha jiandae kusema

Vyuo vingi vya DO husoma na kukubali watu kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo insha nzuri ya Juni ina nafasi kubwa kuliko insha bora ya Novemba. Usiizuie kwa sababu ya koma.

Kwenye usaili watakuuliza swali hilohilo uso kwa uso, na pengine jingine gumu zaidi: je, ukipata MD na DO utakwenda wapi? Wengi wa waliomo chumbani ni DO. Usiape kwamba hukuomba MD kama uliomba. Sema uliomba kote kwa sababu unataka kuwa daktari, kisha mpe msaili tukio lako, lilelile la kwenye insha, kwa dakika moja na nusu. Jizoeze mbele ya mtu asiyejua chochote kuhusu udaktari, shangazi au jirani. Akimaliza kukusikiliza, muulize akueleze DO hufanya nini. Asipoweza, rudi hatua ya nne.