Kumtafuta Babu Mkuu na Wazazi Wake katika Daftari za Misheni

Anayemtafuta babu mkuu aliyezaliwa magharibi mwa Tanganyika kabla ya mwaka 1910 asianze na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hakikuwapo. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya mwaka 1920 iliwaacha nje Waafrika walio wengi. Kumbukumbu iliyo karibu zaidi na kuzaliwa kwake, ikiwa alikuwa Mkatoliki, ni daftari la ubatizo la misheni za Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki waliofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885.

Kabla ya kwenda parokiani, kusanya majina yote ya mzee huyo. Mtu wa zama zile aliweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina alilopewa na wenzake katika upagazi au kazi ya reli, na lile ambalo wajukuu wamelifanya jina la ukoo. Mara nyingi hilo la mwisho ndilo pekee tunalolijua, na ndilo ambalo haliandikwi popote. Sisi tulihangaika miaka miwili na jina la ukoo, mpaka shangazi alipotukumbusha jina linalotajwa kwenye matambiko, ambalo hufuatwa na jina la baba yake. Kwa hiyo waulize wazee jinsi marehemu anavyoitwa wakati wa tambiko, na uandike kama wanavyotamka, bila kusahihisha.

Ukifika kwa paroko, omba kwa adabu kuonyeshwa daftari lenyewe, wala usitosheke na cheti kipya kilichonakiliwa humo, kwa kuwa cheti huacha mambo mengi. Daftari za zamani ziliandikwa kwa Kilatini, na mapadri wengi walikuwa Wafaransa, hivyo sauti ya u waliiandika “ou”, na Karoli wa kwenu atakuwa “Carolus”. Neno “filius” ni mwana wa kiume, “filia” ni binti, na “natus circiter 1890” maana yake amezaliwa karibu na mwaka 1890. Zingatia hilo neno “circiter”: padri alikadiria umri wa mtu mzima aliyesimama mbele yake, na mwaka unaoishia na sifuri au tano haufai kuaminiwa peke yake.

Mwaka huo upime kwa matukio ambayo ukoo unayakumbuka. Alikuwa amezaliwa wakati sotoka ilipoua ng’ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890? Alikuwa mchunga mbuzi au tayari ameoa reli ilipofika Tabora mwaka 1912? Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916, alikuwa na mtoto wa kwanza? Kumbuka pia kwamba ukatekumeni wa Mapadri Weupe, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, ulidumu miaka minne, kwa hiyo mtu mzima aliyebatizwa mwaka 1908 alianza kuonekana misheni kiasi cha mwaka 1904, na huenda jina lake limo katika orodha ya wakatekumeni ikiwa imehifadhiwa.

Kuhusu wazazi, daftari la ubatizo wakati mwingine husema tu kwamba hawakuwa Wakristo, bila kuwataja. Usikate tamaa, tazama pambizo. Tangu Pasaka ya mwaka 1908 Kanisa liliagiza ndoa iandikwe pembeni mwa ubatizo wa kila mwanandoa, na hapo utakuta tarehe na mahali pa ndoa, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Fuata maandishi hayo hadi daftari la ndoa, ambako majina ya wazazi wa pande zote mbili huandikwa mara nyingi, likiwamo jina la mama, ambalo wazee wetu wa kiume huwa wamelisahau kabisa. Jihadhari tu na jina la baba: mtoto aliyelelewa na mjomba baada ya njaa au vita aliweza kuandikwa kwa jina la mjomba huyo.

Mwisho, nakili mstari mzima pamoja na jina la msimamizi wa ubatizo, kisha mtafute msimamizi huyo katika kurasa za jirani. Akionekana mara kwa mara na watu wa kijiji kimoja, nenda kijiji hicho ukaulize ukoo wenu unajulikana kwa jina gani huko.