Kuunda Roboti ya Kusoma Gazeti Rasmi la Serikali kwa Chumba Kidogo cha Habari

Anayetaka kukiundia chumba cha habari programu ya kujiendesha na aanze kwa kutafuta kazi ambayo tayari ipo, inayochosha, na ambayo ndiyo ya kwanza kuachwa watu wanapozidiwa. Kwa redio ndogo ya Lamu, kazi ya namna hiyo ni kusoma Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Serikali inapokusudia kutwaa ardhi kwa ajili ya mradi wa umma, sheria inataka tangazo litolewe humo, na katika kaunti yenye bandari ya Kililana na njia za LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia, tangazo kama hilo ni habari kabla trekta halijafika. Gazeti hutoka kwa kawaida kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutoka siku yoyote. Mwandishi ambaye leo yuko Faza na kesho anangoja kusi itulie ili avuke kwenda Kiunga hana nafasi ya kupitia kurasa zote hizo.

Roboti za vyumba vya habari ni za aina mbili. Zipo zinazoandika, kama Quakebot ya Los Angeles Times, ambayo mwezi Machi 2014 ilitayarisha habari ya tetemeko la ardhi kutokana na takwimu za idara ya jiolojia ya Marekani, ikachapishwa ndani ya dakika chache. Zipo pia zinazolinda, kama Klaxon, programu huria (yaani ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa wote) ya The Marshall Project, chombo cha habari cha Marekani, inayochungulia kurasa za tovuti na kumwarifu mwandishi zinapobadilika. Mimi nashauri ya pili. Tetemeko huja na nambari safi; tangazo la ardhi huja na majina ya watu, nambari za viwanja na historia ambayo mashine haiijui.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache na vyote ni huria: lugha ya kompyuta ya Python, maktaba (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa) ya requests ya kuchukua kurasa, pdfplumber ya kusoma faili za PDF, na SQLite ya kuweka kumbukumbu. Kila inapoamka, roboti ifungue ukurasa wenye orodha ya matoleo, kwa mfano kwenye tovuti ya Kenya Law, ilinganishe viungo na vile vilivyomo kwenye kumbukumbu, kisha ipakue vipya tu. Soma kwanza faili ya robots.txt ya tovuti husika, inayosema programu zinaruhusiwa kufungua kurasa zipi, jitambulishe kwa jina na baruapepe ya chumba chako, na uache sekunde kadhaa kati ya ombi moja na jingine.

Matangazo mengi ya Gazeti hupangwa kwa safu mbili, na programu inayosoma mstari kwa mstari itaunganisha nusu ya tangazo la kushoto na nusu ya tangazo la kulia. Kata ukurasa katikati, usome safu ya kushoto hadi mwisho, ndipo uende ya kulia. Toleo la zamani lililopigwa picha litahitaji Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ambayo inatambua pia Kiswahili.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye orodha ya majina, na hapa ndipo mwenyeji anapomshinda fundi wa mbali. Ukiiambia programu itafute herufi «lamu» bila mipaka, itakuletea kila «salamu» na kila «kalamu» siku utakapoielekeza kwenye taarifa za Kiswahili za kaunti. Kwa hiyo tumia mpaka wa neno, yaani `\blamu\b`, ambapo `\b` ni alama ya mwanzo au mwisho wa neno, bila kujali herufi kubwa au ndogo. Hata hivyo, Lamu Road ni barabara ya Malindi, na kiwanja kilichoko huko hakimhusu msikilizaji wa Mokowe. Shella ipo Lamu na ipo Malindi, nayo huandikwa kwa l moja au mbili. Mkomani ipo Lamu na ipo Nyali, Mombasa. Hindi ni mji na ni lugha, Bahari ni wadi na ni bahari, na Pate ni neno la kawaida katika Kiingereza, lugha ambayo matangazo mengi yameandikwa. Gawa majina mafungu mawili: yasiyo na utata, kama Mpeketoni, Kizingitini, Matondoni na Mkunumbi, yapige kengele peke yake, yenye utata yapige kengele pale tu neno Lamu linapotokea ndani ya tangazo hilohilo, nje ya jina la barabara. Orodha yote ikae kwenye faili ya maandishi matupu, ili mhariri aongeze kijiji bila kugusa msimbo.

Taarifa ipelekwe kwenye kikundi cha Telegram, kwa sababu kufungua roboti huko ni bure: unamwandikia BotFather, roboti ya Telegram yenyewe inayosajili nyingine, unapewa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa kuiendesha, basi. Tokeni hiyo isiandikwe kamwe ndani ya msimbo. Iwekwe kwenye sehemu ya siri ya seva au ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Ujumbe ubebe nambari ya tangazo, ukurasa, maneno yenyewe kama yalivyo na kiungo cha faili, bila muhtasari wa mashine. Kikomo cha ujumbe mmoja ni herufi 4096, kwa hiyo tangazo refu ligawanywe.

Kwa kuiamsha kila siku, GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha programu kwa ratiba, inatosha na haihitaji kompyuta inayowaka usiku kucha. Ratiba yake hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: ukitaka saa kumi na mbili alfajiri yetu, andika 3. Inaweza kuchelewa, na katika hifadhi ya wazi, yaani msimbo ukiwekwa GitHub mahali panapoonekana na kila mtu, ratiba huzimwa isipofanyiwa shughuli yoyote kwa siku 60. Ndiyo maana roboti ni lazima iseme hata isipopata kitu: «Nimesoma toleo fulani, hakuna la Lamu.» Roboti iliyonyamaza haijulikani kama imekosa habari au imekufa.

Kabla ya kuiamini, ipitishe kwenye matoleo ya nyuma ambayo unajua yalikuwa na matangazo ya Lamu, uone iliyoyakosa. Makosa ya kupitiliza, ya kupiga kengele bure, yanaudhi. Ya kukosa ndiyo yanayodhuru. Kikundi cha taarifa kisiwe chaneli ya umma, kwa kuwa Gazeti limejaa matangazo ya mirathi na hati zilizopotea, na kuyasambaza majina hayo bila sababu ya kihabari kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mhariri ndiye anayepiga simu kwa wenye ardhi na kwa ofisi husika.

Mwisho, toa msimbo pamoja na leseni: MIT ukitaka kila mtu atumie apendavyo, GPL ukitaka wanaosambaza toleo walilolibadilisha watoe msimbo wake pia. Andika maelezo ya matumizi kwa Kiswahili, na funguo za akaunti zishikwe na watu wawili. Wenzetu wa Malindi watabadilisha faili moja tu: wataweka Mambrui, Ngomeni, Gede na Watamu, na Lamu Road, ambayo sisi tuliifukuza, wao wataikaribisha.